Acheni Kuwakatakata Watakatifu

Mei 26, 1886, Katikkiro wa Buganda, waziri mkuu wa Kabaka Mwanga, aliapa kwamba hali chakula chake mpaka aletewe mkono wa Andrea Kaggwa. Kaggwa alikuwa kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, mwalimu wa dini, mtu ambaye nyumba yake haikukosa wakatekumeni. Wauaji walimkuta Munyonyo, wakamkata mkono, wakaupeleka. Katikkiro akauona, akaridhika.

Novemba 3, 1614, mjini Goa, pwani ya magharibi ya India, Wayesuiti walifungua jeneza la ndugu yao Fransisko Ksaveri, aliyekuwa amefariki karibu miaka 62 kabla, wakamkata mkono wa kulia. Mkuu wa shirika lao, Claudio Acquaviva, ndiye aliyeuagiza kutoka Roma. Mkono ukasafirishwa baharini, ukatiwa ndani ya chombo cha thamani, na hadi leo uko Roma katika kanisa la Gesù, juu ya altare, watu wanautazama.

Nimeiweka mikono hii miwili pamoja kwa makusudi. Wa kwanza ulikatwa na watu waliomchukia mwenye mkono, wa pili ulikatwa na watu waliompenda. Nia zao ni mbali kama mbingu na ardhi, wala sizichanganyi. Lakini kisu ni kile kile, na kilichokatwa ni mwili wa mtoto wa mtu, mwili uliobatizwa, mwili ambao Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba ni hekalu la Roho Mtakatifu. Na katika mikono yote miwili kuna mkubwa aliyeagiza aletewe kipande cha mtu ili akione kwa macho yake.

Mimi ni Mkatoliki. Ninaheshimu masalia ya watakatifu, nami sina mpango wa kuacha. Ninachosema ni kwamba kuwakatakata watakatifu ni aibu, kwamba Kanisa lenyewe liliwahi kuijua aibu hiyo na kuikemea, na kwamba sisi Wakristo wa Afrika Mashariki, ambao sasa tuna watakatifu wetu na tunasubiri wengine, tuna wajibu wa kusema hapana kabla kisu hakijafika makaburini kwetu.

Kwanza niwajibu wale wanaotucheka. Mlokole anasimama na kipaza sauti stendi ya mabasi anatangaza kwamba Wakatoliki wanaabudu mifupa. Ndugu yangu, fungua Biblia yako hiyo hiyo. Wafalme wa Pili, sura ya 13: maiti aligusana na mifupa ya Elisha, akafufuka akasimama kwa miguu yake. Matendo, sura ya 19: leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alipochomwa moto katikati ya karne ya 2, Wakristo wake waliokota mifupa iliyobaki, wakaihesabu kuwa ya thamani kuliko vito na dhahabu, wakaizika mahali panapostahili ili wakutane hapo kila mwaka kwa furaha. Mtu asiyemheshimu mama yake mpaka mifupani hawezi kunifundisha mimi imani. Wala asinifundishe mtu ambaye mwisho wa mahubiri yake anauza vitambaa, mafuta na maji ya upako kwa bei. Februari 1, 2020, pale Uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hamu ya kugusa kitu kitakatifu ni ya wanadamu wote. Swali ni nani anaiongoza hamu hiyo, na kwa faida ya nani.

Angalieni vizuri walichofanya watu wa Smirna. Waliokota. Wakazika. Wakakutana kaburini. Hakuna aliyekwenda na kidole nyumbani. Moto wa serikali ya Roma ndio ulioutenganisha mwili wa Polikarpo, na kazi ya Wakristo ilikuwa kuukusanya. Hiyo ndiyo heshima ya masalia ilivyozaliwa: adui ametawanya, sisi tunakusanya. Miaka mingi baadaye sisi tukageuka, tukaanza kutawanya wenyewe.

Na hatuwezi kujitetea kwamba hatukuonywa. Mwaka 386 Kaisari Theodosius alitoa sheria: aliyekwisha kuzikwa asihamishwe, na shahidi wa imani asiuzwe wala kununuliwa. Sheria haitungwi dhidi ya kosa lisilotendeka, kwa hiyo mjue biashara ilikuwa imeshaanza. Miaka michache baadaye Agostino, Mwafrika, askofu wa Hippo, aliwalalamikia watu waliovaa kanzu za watawa wakizunguka mijini wakiuza viungo vya mashahidi, kama kweli vilikuwa vya mashahidi.

Kisha akaja Papa Gregori Mkuu, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mwaka 594 Malkia Constantina, mke wa Kaisari Maurisi wa Konstantinopoli, alimwandikia akitaka apelekewe kichwa cha Mtakatifu Paulo, kwa ajili ya kanisa lililokuwa likijengwa katika ikulu. Huyu hakuwa mwombaji wa kawaida. Jeshi lilikuwa la mumewe, na Roma ya siku zile, yenye njaa na iliyozingirwa na Walombardi, ilihitaji msaada wa ikulu hiyo. Gregori akakataa. Alimjibu kwamba kwa desturi ya Roma kuigusa miili ya watakatifu ni jambo lisilovumilika na ni kufuru. Kwamba wao wakitaka kumpa mtu baraka za mtakatifu huweka kitambaa karibu na kaburi, basi, kitambaa hicho ndicho kinachopelekwa. Akaahidi kumtumia malkia chembe za chuma zilizokwanguliwa kutoka kwenye minyororo aliyofungwa Paulo. Chembe za chuma! Papa alimpa mke wa mtawala wa dunia unga wa mnyororo, akakilinda kichwa cha marehemu. Kama mnataka kujua mila ya kweli ya Kanisa la Roma kuhusu masalia, someni barua hiyo, kisha mniambie wale waliomkata Ksaveri walikuwa wakifuata mila ya nani.

Baada ya hapo ukuta ulibomoka kidogo kidogo. Makanisa ya kaskazini ya Ulaya yalitaka watakatifu na hayakuwa nao, miili ikaanza kusafirishwa, kisha kugawanywa. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, uliagiza kanisa lisitabarukiwe bila masalia, na mahitaji yakapanda. Mtaguso wa Nne wa Laterano mwaka 1215 ukapiga marufuku kuyauza. Mwaka 1299 Papa Bonifasi wa Nane alitoa waraka mkali dhidi ya desturi ya wakubwa waliofia mbali kukatwakatwa na kuchemshwa ili nyama iachane na mifupa, mifupa ipelekwe kwao. Aliuita unyama wa kuchukiza, akatishia kuwatenga na Kanisa watakaoutenda. Basi mwana wa mfalme akikatwa ni unyama. Mtakatifu akikatwa ni ibada. Hebu nielezeni hapo.

Nielezeni na hili la Elizabeti wa Hungaria, binti mfalme aliyeacha vyote akahudumia wagonjwa katika hospitali aliyoijenga Marburg, Ujerumani. Alifariki mwaka 1231, ana miaka 24. Mwili wake ulipokuwa umelazwa wazi, watu walimiminika wakachana vipande vya nguo zake, wakamkata nywele, wakamkata kucha, na wengine wakamkata chuchu. Mwanamke aliyewaosha wenye vidonda kwa mikono yake hakupata watu wa kumlinda yeye siku alipokuwa hawezi kujifunika. Nimesoma vitabu vya ibada vinavyolitaja tukio hili kama dalili ya mapenzi ya watu kwake. Mimi nina dada na nina binti. Siwezi kuita mapenzi.

Teresa wa Avila naye alifariki Alba de Tormes, Hispania, mwaka 1582. Haukupita mwaka, kaburi likafunguliwa, na padre aliyekuwa rafiki yake wa karibu, Jerónimo Gracián, akamkata kiganja cha mkono wa kushoto, na kidole kimoja akabaki nacho mwenyewe. Baadaye ukakatwa mkono mzima, ukatolewa moyo, mguu ukaenda Roma. Ule mkono wa kwanza ulipita mikono mingi mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ukaangukia kwa Jenerali Franco, naye akakaa nao mpaka kufa kwake mwaka 1975. Karibu miaka 40, mkono wa mwanamke aliyefundisha dunia kusali ulikuwa mali ya dikteta aliyewajaza wapinzani wake magerezani na makaburini. Angezikwa mzima, Franco angeupata wapi? Kipande kikishatoka kaburini hakina mwenyewe. Kinakwenda kwa mwenye nguvu, au kwa mwenye fedha.

Narudi kwa Ksaveri, maana huyu ana undugu na pwani yetu na watu wengi hawajui. Akiwa njiani kwenda India alikaa miezi kadhaa Msumbiji akihudumia wagonjwa, kisha mwanzoni mwa mwaka 1542 meli yake ikatia nanga Malindi. Alizungumza na Waislamu wa mji. Mmoja wa wakubwa wao alimlalamikia kwamba mji una misikiti 17 lakini watu wanasali katika mitatu tu, akamuuliza kama kwa Wakristo nako ibada imelegea hivyo. Na kuna jambo jingine lililotokea hapo ambalo Ksaveri mwenyewe aliliandika katika barua yake kutoka Goa. Mtu mmoja wa meli yao alifariki, wakamzika Malindi kwa sala na taratibu zote za Kikristo, na Waislamu wa mji wakapendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao.

Mnaona? Mtu asiyejulikana jina alizikwa Malindi mzima, kwa heshima iliyowagusa hata watu wa dini nyingine. Na yule aliyeshuhudia mazishi hayo, Ksaveri, akifariki Desemba 3, 1552 katika kisiwa cha Shangchuan karibu na China, mwili wake haukupata amani ya mtu yule. Ulihamishwa Malacca, kisha Goa. Inasimuliwa kwamba ulipowekwa wazi Goa mwaka 1554, mwanamke mmoja aliinama kana kwamba anabusu mguu, akang'ata kidole akaondoka nacho. Kisha ukaja ule mwaka 1614. Sehemu ya juu ya mkono nayo ikakatwa baadaye, ikapelekwa Mashariki ya Mbali. Mwili uliobaki huonyeshwa hadharani kila baada ya miaka 10, mara ya mwisho kuanzia Novemba 2024 hadi Januari 2025. Na Januari 2018 ule mkono wa Gesù ulizungushwa miji ya Kanada, ukikatiwa kiti chake ndani ya ndege. Waliokwenda kusali mbele yake walikwenda kwa imani safi, na maelfu walitoka wamefarijika, hilo silikatai. Lakini mkono ule unadaiwa kuwa ulibatiza watu maelfu kwa maelfu. Mkono uliofanya kazi kubwa hivyo haukustahili kuachwa ulale kando ya mwenzake?

Sasa nisikilizeni vizuri ndugu zangu Waafrika, kwa sababu habari hii ya kukata na kubeba tunaijua kwa jina jingine. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi Julai 19, 1898 kuliko kukamatwa na Wajerumani. Wakamkata kichwa, fuvu likaenda Ulaya. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, ukaitaka Ujerumani ilirudishe, na halikurudi mpaka mwaka 1954, likakabidhiwa kwa mjukuu wake Adam Sapi. Leo liko Kalenga, Iringa. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Machi 2, 1900, na ukoo wake bado unakitafuta kichwa chake. Mtanzania yeyote, awe Mkristo au Mwislamu, akisikia habari hizo damu inamchemka. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba mtu azikwe mzima, kwa watu wake, katika ardhi yake.

Na Ulaya haikuanza kuchukua mifupa ya Afrika kwa Mkwawa. Ilianza zaidi ya miaka elfu moja kabla, na iliyochukuliwa ilikuwa ya watakatifu. Mwaka 828 wafanyabiashara wa Venisi waliiba Aleksandria mwili wa Mwinjili Marko, baba wa Kanisa la Misri. Wanasimulia wenyewe kwa fahari kwamba waliufunika kwa nyama ya nguruwe ili wakaguzi Waislamu wa bandarini wasiusogelee, na kisa hicho wamekichora kwa vigae vya dhahabu katika kanisa walilomjengea. Wizi umepambwa ukutani mwa nyumba ya Mungu! Wakristo wa Misri walisubiri mpaka mwaka 1968, Papa Paulo wa Sita alipowarudishia sehemu ya masalia. Sehemu. Na yule Agostino aliyewakemea wauza viungo, alitolewa Afrika akapelekwa Sardinia, kisha mfalme wa Walombardi akamchukua mpaka Pavia, kaskazini mwa Italia. Mwaka 1842 mji wake wa Hippo, leo Annaba nchini Algeria, ulirudishiwa mfupa wa mkono wake. Askofu mkubwa kuliko wote ambao Afrika imewahi kuwazaa yuko nyumbani kwa kipande, na kwa ugeni yuko karibu mzima.

Tena tusijidanganye kwamba hayo ni ya zamani. Carlo Acutis, kijana Mwitalia aliyefariki kwa saratani ya damu Oktoba 12, 2006 akiwa na miaka 15, alitangazwa mtakatifu na Papa Leo wa Kumi na Nne Septemba 7, 2025. Miezi michache kabla ya siku hiyo, nywele zilizodaiwa kuwa zake zilikuwa zinanadiwa kwenye intaneti, bei ikapanda kupita euro 2,000, mpaka Askofu wa Assisi akapeleka malalamiko kwa vyombo vya dola. Askofu alifanya vema, namuunga mkono. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalia. Lakini ninyi mnaoshika uongozi, mbona hamwoni kinachofungua soko? Kipande cha utando wa moyo wa kijana huyo huyo kimezungushwa nchi nyingi ndani ya chombo kizuri, kwa baraka zote. Mkishamfundisha mwamini kwamba kipande cha mtu kinaweza kusafiri, kuazimwa na kugawiwa, mwizi na tapeli wanamalizia sentensi mliyoianza. Karne ya 16, Mtawala Frederick wa Saxony, mlinzi wa Martin Luther, alikuwa amekusanya Wittenberg vipande 19,013, navyo viliwekewa rehema za miaka mingi mno. Hakuna aliyeanza kwa kukusudia kufika huko. Walianza na kimoja.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya yote, nalo ni la juzi tu. Mwaka 2016 Vatikani ilitoa maagizo kuhusu Wakristo wanaochomwa baada ya kufa: majivu ya marehemu yasigawanywe kati ya wanafamilia, yasitiwe ndani ya vidani vya shingoni, yawekwe pamoja mahali patakatifu, kwa sababu mwili wa Mkristo unangoja ufufuko. Mwaka 2023 agizo hilo lililegezwa kidogo sana, likaruhusu sehemu ndogo ihifadhiwe mahali penye maana kwa marehemu, nalo bado likasisitiza heshima. Ni mafundisho mazuri, nayapokea kwa mikono miwili. Basi mjane akiomba chembe ya majivu ya mumewe aiweke kwenye kidani, anakatazwa, na ana uchungu wa jana. Parokia ikiomba kipande cha mfupa wa mtakatifu ambaye haikumjua wala kumlilia, inapewa pamoja na cheti chenye muhuri. Kama ufufuko ni sababu kwa mume wa yule mama, ni sababu kwa Teresa wa Avila.

Mapadre wengine wataniambia altare inahitaji masalia. Haihitaji. Taratibu za kutabaruku altare zinasifu desturi hiyo ya kale, lakini zinaagiza masalia yawe ya ukubwa unaotambulika kuwa ni sehemu ya mwili wa binadamu, na zinasema ni bora altare isiwe nayo kuliko kuweka yenye shaka. Vile vitone vya mfupa vilivyobandikwa kwenye karatasi nyekundu chini ya kioo, vinavyohitaji macho makali kuviona, havina kazi hapo.

Wengine wataniambia wagonjwa na maskini wanahitaji kitu cha kugusa. Ni kweli, na hapo ndipo ninapowapeleka Namugongo. Juni 3 ya kila mwaka ni sikukuu ya Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda, waliotangazwa watakatifu Oktoba 18, 1964. Mahujaji wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo, wengi kwa miguu, wamevimba nyayo, na akina mama wana watoto mgongoni. Kanisa lile la duara limesimama juu ya nguzo 22, na altare yake iko pale Lwanga alipochomwa taratibu kuanzia miguuni. Wakifika wanagusa nini? Wanagusa ardhi. Wanateka maji ya bwawa lililo hapo kwa chupa na madumu, wanawapelekea wagonjwa majumbani, wanapiga magoti mavumbini. Wenzao wa Kianglikana wana mashahidi wao 23 na wanakusanyika si mbali na hapo. Moto wa Mwanga uliwaachia watu wale mabaki machache mno, na hakuna ibada Afrika Mashariki yenye moto kama ile. Gregori Mkuu angeitambua mara moja. Kitambaa kaburini na maji bwawani ni jambo moja: mtakatifu amebaki mahali pake, watu ndio wamemfuata.

Fanyeni hivyo kwa wote. Yupo Mwenyeheri Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964 akilinda nadhiri zake. Mtu aendaye kwake aende Isiro, ajue barabara za Kongo zilivyo, aone watu aliowafia. Yupo Mwenyeheri Irene Stefani, Nyaatha, mama wa huruma, aliyewauguza wapagazi wa Kiafrika Kilwa na Lindi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akafa mwaka 1930 kwa tauni aliyoipata kwa mgonjwa, na Nyeri hawajamsahau. Yupo Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa miaka 26 aliyekagua vyakula mpakani, akakataa hongo ili chakula kibovu kisiingie kuwadhuru maskini, wakamuua mwaka 2007. Alitangazwa mwenyeheri Roma Juni 15, 2025, kwa kuwa vita ilikuwa imeukamata mji wake. Mtu aliyekufa kwa kukataa kugeuza afya ya watu kuwa biashara, msithubutu kuigeuza mifupa yake kuwa bidhaa ya kusafirishwa.

Na sasa niseme lililonifanya niandike. Pale Butiama, Mwitongo, amelala Julius Kambarage Nyerere tangu Oktoba 1999. Tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake uliofunguliwa na Jimbo la Musoma unaendelea. Ninasali ufike mwisho mwema. Lakini kila ninaposali nakumbuka kwamba taratibu za mchakato zina hatua ya kufungua kaburi na kuutambua mwili. Mwongozo wa Vatikani wa Desemba 2017 unadai ridhaa ya warithi, unafunga mlango wa biashara, na unakataza mwili kukatwakatwa, isipokuwa askofu apate kibali. Hilo "isipokuwa" ndilo ninalolipinga. Siku ikifika, atakuwepo mfadhili wa mbali atakayeomba kidogo tu, kwa heshima zote. Litakuwepo kanisa Ulaya, litakuwepo shirika, itakuwepo parokia ya Watanzania ughaibuni. Kila mmoja ataomba kwa mapenzi, kama Wayesuiti wa Goa walivyokata kwa mapenzi. Mwalimu aliyetufundisha kwamba binadamu wote ni sawa hawezi kugawanywa kwa kilo na gramu kati ya wenye uwezo wa kuomba.

Kwa hiyo nawaomba maaskofu wetu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na wa Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi pamoja nao: msisubiri siku hiyo. Andikeni sasa, mkiwa hamjashinikizwa na mtu, kwamba mtakatifu yeyote atakayetoka katika ardhi yetu atabaki mzima katika kaburi moja, katika jimbo lake, na kwamba hamtaomba wala kutoa kibali cha kumkata. Pelekeni msimamo huo Roma, mwombe lile "isipokuwa" lifutwe kwa Kanisa lote. Waambieni pia wenye vipande vya watu makabatini mwa sakristia zao wavirudishe kwa wenyewe vikazikwe. Na wewe msomaji, zungumza na padre wako, lilete katika Jumuiya yako Ndogo Ndogo, na ukiletewa picha ndogo ya mtakatifu yenye kipande cha mfupa nyuma yake, uliza kimetoka kaburi gani, nani alikikata, na kwa ruhusa ya nani.